Mto Uliopanda Kilima

Ramani ile ilitundikwa kila mahali. Ilikuwepo posta, juu ya kichwa cha karani wa stempu. Ilikuwepo kwenye ukumbi wa kusubiria wa hospitali, imepauka upande unaopigwa na jua. Ilikuwepo katika kila shule yenye ukuta wa kutosha kuibeba. Kwa miaka ishirini mwanamke aliyeichora alipita mbele yake bila kuitazama usoni, kama mtu anavyompita jirani aliyenuniana naye. Jicho lake lilienda mahali pamoja tu, kona ya chini kulia, palipoandikwa "Imechorwa na". Baada ya maneno hayo lilifuata jina la mtu mwingine.

Ofisini walimwita Mama Buluu. Wino wa mito ulikuwa umeingia chini ya kucha za vidole viwili vya mkono wake wa kulia, na sabuni zote alizojaribu zilishindwa kuutoa. Wenzake walitania kwamba akikatwa kidole patatoka ziwa.

Hakuwa mpima ardhi, yule anayetembea porini na mashine ya miguu mitatu. Yeye alikuwa mchoraji. Alikaa kwenye kiti kirefu kisicho na mgongo, mbele ya meza iliyoinamishwa, akiwa na kalamu ya chuma yenye ncha nyembamba kama mwiba wa samaki, akichora nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Wapima walileta madaftari yao na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Yeye alizitazama picha kwa miwani maalumu inayofanya milima isimame juu ya meza, kisha akaihamisha milima hiyo, mstari kwa mstari, kwenye karatasi angavu.

Ramani kubwa ilikuwa na karatasi kumi na sita, na ilimchukua miaka sita. Ilianzia pwani, kwenye delta ambapo mto mmoja unajipasua kuwa vidole kumi na vinne kabla ya kugusa chumvi. Ikapanda nyanda kavu, ambako mito huchorwa kwa vistari vilivyokatika kwa kuwa ina maji miezi mitatu tu kwa mwaka. Ikafika bonde kubwa la ufa, lenye kuta zilizosimama wima kiasi kwamba mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, ilibanana mpaka ikakosa pumzi. Ndani ya bonde yalikuwemo maziwa ya magadi, mviringo baada ya mviringo. Kisha ikaja milima iliyowahi kutema moto na sasa imebeba madimbwi kwenye kasoko zake, kisha misitu, kisha ziwa kubwa lisiloonekana ng'ambo, na mito ishirini na mitatu inayolilisha. Mama Buluu aliijua mito hiyo mmoja mmoja kwa kona zake. Angeweza kuichora macho yamefumbwa, ingawa hakuwa mtu wa kufumba macho kazini.

Chumba cha kuchorea kilikuwa na kanuni moja ambayo kila mgeni alifundishwa siku ya kwanza. Mto huchorwa kuanzia mdomoni kwenda kwenye chanzo, si kinyume chake. Anayeanzia mdomoni atakutana na kila tawi kwa zamu yake na hataacha hata moja. Na kwa hiyo, mto ambao mdomo wake haujathibitishwa hautiwi wino. Unabaki penseli, hata ukae mwaka mzima.

Karatasi ya kumi na moja ilikuwa na mto wa namna hiyo. Wapima waliuita Mvivu kwenye madaftari yao, na jina likabaki. Ulijikokota katikati ya matete, kwenye nchi tambarare iliyolala kusini mwa ziwa kubwa, na katika picha za ndege haikujulikana unakuja au unaondoka. Majirani zake wote walikwenda kaskazini, ziwani. Mama Buluu alikaa na miwani yake siku tisa na kuona jambo lililomfanya aweke kalamu chini. Kati ya Mvivu na ziwa palikuwa na kigongo cha ardhi, kidogo sana, kama mkunjo wa shuka. Mto ulianzia karibu na ziwa kiasi cha mtu kutupa jiwe akalifikia, ukaligeuzia mgongo, ukaelekea kusini kwenda kufia kwenye uwanda wa chumvi.

Hakutaka kuamini macho peke yake. Alichora kontua kwa penseli kama alivyoziona, akakiweka kigongo kwa mstari hafifu, na kwenye ncha ya kaskazini ya mto akaacha vitone vitatu na alama ya kuuliza. Kisha akaandika barua kwa wapima: naomba vipimo vya mwinuko wa mahali hapa.

Kabla majibu hayajaja, mama yake mzazi alifariki. Alikwenda msibani wiki mbili.

Aliporudi, meza yake ilikuwa na kijana wa kike mwenye kalamu mpya, aliyesimama kwa haya na kusema, "Shikamoo mama. Niliambiwa nikae hapa." Juu ya dawati la mapokezi palikuwa na barua ya kumhamishia ghala la ramani kuukuu. Karatasi kumi na sita hazikuwepo. Zilikuwa ofisini kwa mkuu wa kitengo, mtu aliyeitwa Bwana Tai kwa kuwa aliwahi kwenda kukagua kinamasi akiwa amevaa tai.

Mama Buluu alipanda ngazi. Bwana Tai hakumnyima kiti.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Kazi imeisha. Nimemalizia ile karatasi yako iliyokuwa imelala, sasa inakwenda mitamboni."

"Nimesikia pameandikwa jina lako."

"Ofisi inatakiwa kuwa na jina moja, si utitiri. Watu wakiuliza swali, nani atawajibu? Wewe?" Alicheka bila ubaya, kama anayemtuliza mtoto. "Tusivunjiane heshima. Mkono ni wako, hilo nani atakataa? Lakini kichwa ni cha ofisi."

Mama Buluu alimtazama vizuri wakati anasema. Alitaka kuikumbuka tai, ilikuwa ya kahawia yenye nukta. Kisha akamwambia ahsante, akashuka.

Wiki tatu baadaye faili la vipimo lilifika. Kwa kuwa karatasi zilikwisha kwenda mitamboni, hakuna aliyelihitaji, na faili lisilohitajika lilipelekwa ghalani. Alilifungua akiwa amesimama kati ya rafu. Uso wa ziwa, kilele cha kigongo, chanzo cha Mvivu, uwanda wa chumvi: namba ziliteremka kwenda kusini kama ngazi. Kigongo kilikuwa juu ya ziwa kwa mita tisa. Alikuwa sahihi.

Siku hiyohiyo alasiri alikwenda kiwandani, jengo la nyuma lenye harufu ya mafuta ya taa, kumwona Mzee Rola, mpiga chapa aliyekuwa rafiki yake. Mzee Rola alimsogezea nakala ya majaribio ya karatasi ya kumi na moja, bado mbichi.

Bwana Tai alikuwa ametia wino kila mstari wa penseli aliouona. Kontua alizifuata moja moja bila kukosea, mpaka vikona vyake vidogo mahali zinapokata mto. Mstari hafifu wa kigongo aliufuta, labda akidhani ni uchafu. Na pale penye vitone vitatu na alama ya kuuliza, aliuvuta mto kwa wino wa buluu mpaka ziwani, kwa kuwa majirani wote walikwenda huko.

Sasa, kila aliyepita chumba cha kuchorea anajua kwamba kontua ikikata mto hujikunja kuwa pembe, na ncha ya pembe hiyo huelekea upande maji yanakotoka. Katika karatasi hii ncha zote zilitazama kaskazini, na mto nao ukamwagwa kaskazini. Kwa maneno mengine, kwa kilomita sitini maji ya Mvivu yalipanda kilima. Mtu aliyetia wino mistari ile hakuwa amesoma hata mmoja.

Mama Buluu alizihesabu pembe zote, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye chumvi mpaka ziwani.

"Mbona kimya?" Mzee Rola aliuliza. "Iko sawa hiyo? Nikishafunga bamba hili, mama, hapa hakuna kurudi nyuma. Zinatoka elfu ishirini."

"Mkuu ameisaini?"

"Saini yake hii hapa, kubwa kama nyumba."

"Basi chapa," alisema Mama Buluu.

Mzee Rola alimtazama juu ya miwani. "Wewe mwanamke," alisema, "una jambo." Lakini alifunga bamba, na hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Mama Buluu alilirudisha faili rafuni, mahali pake halisi, na kuliandikisha kwenye daftari la ghala kwa namba, tarehe na saini, jinsi taratibu zinavyotaka. Hakuliiba wala kulificha. Mtu yeyote angeweza kuliomba, na katika miaka kumi na minane aliyofanya kazi pale hakuna aliyeliomba. Yeye mwenyewe alilifuta vumbi kila mwezi.

Watu wa nyumbani hawakujua chochote. Alikuwa na binti mmoja, aliyekuwa na miaka kumi wakati ule. Alimwambia kwamba amehamishwa kitengo, basi. Bwana Tai alipanda vyeo. Alialikwa redioni kuzungumzia ramani, akaandika dibaji ya kitabu cha shule. Kila alipopanda, Mama Buluu alifurahi kwa dhati, kwa hesabu baridi kabisa: mtu huanguka kwa urefu aliopanda, na huyu alikuwa bado anapanda. Wenzake walimsifu kwa moyo wake usio na kinyongo. Aliyasikiliza maneno hayo akiwa anakunja ramani kuukuu mara nne, kwa kucha zenye buluu.

Binti alikua akawa mwalimu wa jiografia. Jumamosi moja mchana, miaka minne iliyopita, alikuwa anasahihisha mitihani kwenye meza ya jikoni kwa mama yake, akaanza kucheka peke yake.

"Sikia huyu, mama. Nimewauliza wataje mito mitano inayoingia ziwani. Ametaja minne. Wa tano ameandika: 'Mwalimu, Mvivu hauingii ziwani. Mimi nimezaliwa kwenye matete ya Mvivu. Ndala yangu ilichukuliwa na maji, mjomba akaiokota siku ya tatu kwenye chumvi, kusini.' Ndala! Ushahidi wa ndala."

Mama Buluu alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ni msichana mzuri tu, ila mbishi," binti aliendelea. "Darasani alinibishia mpaka nikamtoa nje. Sasa wewe umekaa na ramani maisha yako yote. Nimpe hii alama?"

"Ramani inasemaje?"

"Unaingia ziwani."

"Basi fuata ramani."

Kalamu nyekundu ikakata. Mama Buluu aliusikia mkwaruzo wake kwenye karatasi, akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka kando. Ilikuwa alama moja. Bwana Tai alikuwa bado hajastaafu.

Alistaafu mwaka huu. Chuo cha upimaji ardhi kiliamua kumpa nishani, na ukumbi wa wageni ukapambwa kwa heshima yake, ramani nzima ikiwa imetandazwa ukutani nyuma ya jukwaa, karatasi zote kumi na sita zimeunganishwa, kubwa kuliko nyumba ya mtu. Walimu wa jiografia walialikwa. Binti alipata kadi mbili na kumwomba mama yake amsindikize, akidhani atafurahi kuona watu wa zamani. Mama Buluu alivaa gauni la kijivu. Mkobani aliweka nakala ya faili, yenye mhuri wa ghala. Aliiomba kwa fomu, kama raia yeyote, na fomu ilikuwa ya kwanza katika miaka ishirini.

Bwana Tai alizungumza vizuri. Alishika fimbo ndefu akawatembeza watu kutoka delta mpaka bonde la ufa, akawaonesha maziwa ya magadi, akasema namna alivyokesha na kuta za bonde zile. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akauliza kama kuna swali moja au mawili kabla ya nishani.

Mama Buluu alisimama. Binti yake alimvuta gauni kidogo, akidhani amekosea.

"Shikamoo, bwana mkuu," alisema kwenye kipaza sauti. Walikuwa rika moja, lakini alisema hivyo.

Bwana Tai alimtambua, tabasamu likapanuka. "Marahaba. Jamani, huyu mama alikuwa mmoja wa mikono yangu."

"Ndiyo. Nina swali la mkono. Kontua ikikata mto, ile pembe yake, ncha inaelekea wapi?"

Ukumbi ulicheka, kwa huruma. Bwana Tai akacheka nao. "Mama, hilo la mwaka wa kwanza. Ncha huelekea maji yanakotoka."

"Ahsante. Naomba basi utusomee karatasi ya kumi na moja. Fuata Mvivu."

Aligeuka na fimbo yake. Wachoraji vijana waliokaa safu ya mbele waligeuka pia, na ndio walioona kwanza. Hiyo ndiyo kazi yao. Mmoja alisimama bila kuombwa, akasogea mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya pembe moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Fimbo ya Bwana Tai ilifika ziwani, ikarudi kusini, ikarudi tena ziwani.

"Hapa," alisema, "hapa kuna... hili litakuwa kosa la mchoraji."

"Mchoraji ni nani?" Mama Buluu aliuliza. "Pameandikwa hapo kona ya chini kulia. Tusomee na hapo."

Hakusoma. Aliishusha fimbo. Ndipo Mama Buluu akatoa karatasi mkobani na kusoma namba, polepole, bila kupandisha sauti: ziwa, kigongo, chanzo, chumvi. Akataja tarehe ya faili na namba yake ya ghala. Akaeleza kuhusu vitone vitatu na alama ya kuuliza, na kwa nini mtu anayeijua kazi hawezi kuutia wino mto ambao hajaujua mdomo wake. Alimaliza kwa dakika nne. Alikuwa amezipima nyumbani.

Nishani ilirudishwa kwenye boksi lake "kwa sababu za ratiba". Nje, kwenye ngazi, Bwana Tai alimfikia. Tai yake ilikuwa imelegea, na uso wake ulikuwa na umri ambao asubuhi haukuwa nao.

"Ungeniambia tu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka ishirini. Neno moja tu, ningerekebisha."

"Mkono hausemi, bwana," alijibu. "Kichwa ndicho husema."

Hayo alikuwa ameyaweka tayari tangu siku ya tai ya kahawia, na hayakupoteza ladha. Aliteremka ngazi akiwa mwepesi. Mwezi uliofuata ofisi ilimwita kuichora upya karatasi ya kumi na moja, na ikamwandikia kwamba toleo jipya litabeba jina lake. Alikwenda, akakaa kwenye kiti kirefu, akaanzia kwenye uwanda wa chumvi, mdomoni, akapanda na Mvivu mpaka kwenye kigongo cha mita tisa na kusimama hapo. Mstari haukuyumba popote.

Tangu siku ile ya ukumbini binti hakuwa amekanyaga jikoni kwa mama yake. Alikuja Jumamosi moja mchana, wakati nakala ya kwanza ya karatasi mpya imetandazwa kwenye meza ya jikoni. Hakuitazama. Aliweka juu yake karatasi ya mtihani iliyokunjwa, imeanza kuwa njano kwenye mikunjo.

"Niliitunza ili niwachekeshe wenzangu," alisema. "Ofisi nzima ya walimu ilicheka. Tulikuwa tunamwita Ndala mpaka anamaliza shule."

Mama Buluu alisoma mwandiko wa mtoto, halafu mkato mwekundu.

"Ulikuwa umekaa hapo," binti alisema. "Unachagua mchele. Nilikuuliza."

"Ningesema wakati ule, wangefuta kosa kimyakimya na jina lake lingebaki."

"Najua. Nimeelewa hesabu yako, mama, wala si ngumu. Nauliza mimi nilikuwa upande gani wa hesabu hiyo."

Mama Buluu aliinyoosha mikunjo ya karatasi ya mtihani kwa kidole. Angeweza kusema kwamba anajuta, lakini hakuwa anajuta, na hakuwa mtu wa kutia wino jambo asilolithibitisha.

Binti alitoa kalamu nyekundu mkobani, akaiweka kando ya mkono wa mama yake. "Kesho naenda kwao, kwenye matete. Nimeshauliza njia. Sitaki kwenda na mdomo mtupu. Sahihisha wewe."

Mama Buluu alivuta karatasi karibu. Akafuta mkato kwa mistari miwili iliyonyooka, akaweka alama ya vema kando ya neno "ndala", akaandika juu jumla mpya. Ilikuwa kazi safi. Aliirudisha.

Binti aliikagua kama anavyokagua ya mwanafunzi, kisha akaitelezesha tena mezani, juu ya ramani, mpaka ikafunika kona ya chini kulia.

"Bado," alisema. "Aliyekosea ni nani? Andika jina."

Mama Buluu alishika kalamu. Kwa miaka ishirini alikuwa amengoja jina lake liandikwe kwenye karatasi inayohusu mto huu. Akaliandika lote, kwa herufi za mchoraji, na binti akakunja karatasi, akaitia mkobani na kutoka bila kunywa chai.